Askofu Mlangoni

Jumapili, Februari 1956

Kaskazi inavuma tangu asubuhi, kavu kama koo la mlevi kesho yake. Makuti ya paa yanasuguana na kunong'ona. Ng'ambo ya mto, upande wa mashamba ya mkonge, moshi umesimama tangu Alhamisi, na sijapata mtu wa kunieleza ni nani anachoma nini. Leo umesogea. Mke wangu anasema haukusogea, ni macho yangu. Labda. Macho yamezeeka, lakini pua yangu bado ni kijana.

Watu wanasema ni moto, na mto utauzuia.

Daftari langu, nina jambo la leo la kukuambia, na usicheke kabla sijamaliza. Mimi nilicheka mapema, na hapo ndipo lilipoharibika.

Nianze na mbwa. Ninao watatu. Jumbe humbwekea kila mtu na hajamkamata yeyote. Karani huonekana saa za kula tu. Wa tatu ana ukosi wa manyoya meupe shingoni, nikamwita Askofu, kwa sababu kanisani kwetu tuna mchungaji peke yake, nikaona askofu tumfuge wenyewe. Mchungaji alipolisikia jina hilo alinitazama kwa muda mrefu. Nilimwambia ni heshima. Hakuniamini, na katika hilo alikuwa na akili.

Mwenye mbwa watatu ukimuuliza atakwambia anawapenda sawasawa. Mwongo. Mimi nampenda Askofu.

Nilimpata kwenye pantoni. Mtu alitupa watoto wa mbwa majini upande wa Pangani mjini, na mmoja akaogelea nyuma yetu, katika mto ule wenye mamba, mpaka karibu na Bweni, upande wetu huu. Nilimvuta kwa ukosi wake mweupe. Abiria walikimbilia upande wa pili wasije wakarushiwa maji ya mbwa, pantoni ikainama, nahodha akanitukana mimi na ukoo wangu wote mpaka Usambaa. Nilimtia ndani ya shati. Kiumbe aliyeamua kuishi namna ile huwezi kumpimia mapenzi kwa kibaba, kama unavyompimia Karani unga.

Sasa mke wangu, mama Eliya. Aliteleza kisimani masika ya mwaka juzi, nyonga ikakataa kupona, na tangu siku hiyo haendi popote asipobebwa. Eliya yuko ng'ambo, kambi ya mkonge iliyo mbali na huo moshi, anafanya kazi kwenye mashine. Nyumbani tumebaki wawili. Nami ni mtu wa kutoka. Nisipotoka damu inanilala. Njia ya Ushongo kuna tembo la mnazi, na kuna wazee wenzangu wanaohitaji mtu wa kuwachokoza wasife mapema.

Kwa hiyo nilimfundisha Askofu kulala kizingitini nikiwa sipo, asimruhusu mtu kupita. Alijifunza upesi kuliko nilivyojifunza mimi kusoma, nami nilifukuzwa shule nikiwa bado kitabu cha pili, kwa kumwigiza mwalimu akisali. Hamtii mwingine. Anasikiliza mluzi wangu tu, ule unaopita kwenye pengo la meno yangu ya mbele. Vijana wengi wamejaribu kuuiga, wameishia kutema mate.

Nilitamba nao huo. Nilisema nyumba yangu ina kufuli inayopumua.

Halafu ukaja moto. Siku chache zilizopita nyumba ya bibi mmoja huku kwetu iliungua, jirani yake alikuwa anachoma shamba kungojea mvua, upepo ukamgeukia. Watu walifika wengi. Walitoa vyungu, mikeka, hata kuku. Bibi mwenyewe kila mmoja alidhani mwenzake ameshamtoa.

Mama Eliya aliisikia habari hiyo akiwa anachagua mchele. Aliinua macho akayatazama makuti, akarudi kwenye mchele wake.

Nikaona nipange mambo, mimi mtu wa kiwandani. Kule kwenye mkonge palikuwa na kipande cha reli kinachogongwa moto ukitokea, na nilipoacha kazi kipande kimoja kilinifuata nyumbani. Nimekitundika kwenye mfenesi. Kando yake nimening'iniza nyundo kwa waya, na kwenye nyundo nimefunga kamba ya mkonge inayopita dirishani mpaka kitandani kwa mama Eliya. Akivuta, nyundo inagonga, mji mzima unasikia. Bakari na mdogo wake Athumani, wakwezi wa nazi tunaopakana nao, watakuja mbio wambebe na kitanda chake. Mwanaidi, mke wa Bakari, atashughulikia ndoo za mchanga. Upondo, ule mti mrefu wa kuvutia makuti yakiwaka, umelazwa nje ukutani. Jumbe na Karani watakimbia wenyewe. Mimi nitamtoa Askofu.

Nilipomsomea mama Eliya mpango huo aliniuliza jambo moja tu. "Askofu yeye hana miguu?"

Nilicheka. Nikasema Askofu ni mzee wa kanisa, lazima asindikizwe.

Leo baada ya ibada tukaujaribu. Niliwaambia wote, isipokuwa sikuwaambia kwamba nitajificha kwenye mihogo. Nilitaka kuona watakavyokimbia nikiwa sipo. Mtu hupenda kujua ataliliwa namna gani.

Mama Eliya akavuta kamba. Ule mlio, Daftari, hata mimi niliyeutundika ulinishtua. Kunguru waliruka wote. Jumbe alikimbilia barabarani akabweka kuelekea kusikokuwa na mtu. Karani alikwenda moja kwa moja jikoni kutazama kama chungu kimeachwa wazi. Bakari na Athumani wakatokea minazini wakikimbia vizuri kabisa, kanzu ya Bakari ameikunja kiunoni, na nyuma yao Mwanaidi na ndoo yake.

Askofu akatoka ndani, akajilaza kizingitini.

Hakubweka. Abwekee nini, kazi yake anaijua. Aliinua mdomo wa juu kidogo tu, upande mmoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako. Bakari akasimama. Athumani akasimama nyuma ya Bakari. Wakatazamana. Kisha Athumani, mtu mzima mwenye watoto wanne, akainama kidogo akamwambia mbwa, "Shikamoo, Askofu."

Nilijibana mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka. Nililala kati ya mihogo nikapiga ardhi kwa ngumi.

Nilipoinua kichwa, mambo yalikuwa yamebadilika. Bakari alizunguka dirishani, lakini dirisha letu lina fito, na kitanda hakipiti. Akarudi mbele akapiga hatua moja, Askofu akasimama, Bakari akarudi nyuma. Ndani mama Eliya alikuwa anamwita mbwa. Alimwita kwa upole, akamwita kwa ukali, akamwita kwa Kisambaa. Kisha akaniita mimi.

Hakuniita baba Eliya. Aliniita Yonathani.

Jina hilo sijalisikia mdomoni mwake tangu mbele ya mchungaji, siku ya ndoa.

Nikatia ulimi kwenye pengo nipige mluzi. Ulitoka upepo. Mdomo ulikuwa umelowa kwa kicheko, na jino la kushoto, ambalo nimekuwa nikilificha hata kwako, siku hizi linacheza. Nikapiga tena, upepo. Nilijifuta kwa shati, nikalishika lile jino kwa kidole, ndipo ukatoka mluzi, mwembamba, wa kuazima. Askofu akainuka, akaja akipunga mkia. Alikuwa na furaha. Alikuwa amefanya vizuri.

Bakari hakunikemea. Ni mtu wa adabu, na mimi ni mkubwa kwake. Alisema tu, "Mzee, najisi ya mbwa inaoshwa. Nyama ya paja ikitoka haioshwi ikarudi."

Nikasema haya, tumfundishe. Tukarudia. Safari hii nilisimama hapo hapo na vipande vya papa mkavu. Chuma kinalia, Askofu anakwenda mlangoni, nampigia mluzi nikilishika jino, anakuja, anapewa papa. Tena. Na tena. Mara ya mwisho mama Eliya hakuvuta kabisa, ni upepo ulioisukuma nyundo ikagusa reli kidogo, ting, na Askofu aliyekuwa analamba mkono wangu akauacha, akaenda kujilaza kizingitini.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nafundisha.

Asubuhi alikuwa mbwa anayelinda mlango nisipokuwepo. Sasa ni mbwa anayeufunga kila chuma kikilia, hata nikiwepo.

Athumani alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Mwanaidi aliweka ndoo chini. Yeye ndiye aliyesema, tena hakunitazama mimi, alikuwa anatazama dirisha. Alisema tangu mbwa huyu akue, yeye hajaingia ndani humu nikiwa sipo. Amekuwa akileta sahani ya chakula mchana na kuiacha kwenye shina la mfenesi, akimwita mama Eliya kwa sauti ili ajue kuna mtu amepita. Nikamuuliza Mwanaidi, mama Eliya alikuwa anaifikiaje sahani hiyo?

Karani alikuwa amekaa karibu na shina la mfenesi, mnene, anatungoja.

Walipoondoka niliingia ndani. Nilikuwa na maneno ya utani tayari, mawili matatu. Mama Eliya alikuwa anaikunja kamba taratibu mkononi mwake. Akaniuliza, "Siku ya moto wenyewe, baba Eliya, utakuwa wapi?"

Nilijaribu kusema nitakuwa hapa. Sauti yangu yenyewe haikuniamini.

Nikasema nitamfunga mbwa. Akasema, "Mbwa amefanya ulichomwambia. Wa kufungwa si yeye."

Miaka yote hii watu wanasema mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba hii.

Nimemfunga hata hivyo, kwenye mfenesi, kwa kamba ya mkonge. Aliitafuna kabla sijamaliza ugali, akarudi kizingitini na kipande cha kamba shingoni kama msalaba wake. Mnyororo sina. Eliya anao kule kambini. Nikafikiri kuiondoa nyundo, lakini nikiiondoa, mama Eliya hana cha kuvuta. Nikiiacha, kila upepo ukipita unamwita Askofu kazini. Na jino, nikilala nalo, sijui kama nitaamka nalo.

Najua la kufanya. Nitamvusha kwa Eliya akae huko, kwenye mnyororo, yeye aliyeogelea mto mzima ili aje kukaa kwangu. Jumbe atapewa mlango. Jumbe atambwekea kila mtu na kumpitisha kila mtu, na ndivyo mlango wa mama Eliya unavyotakiwa uwe. Nimeyaandika haya na mkono unanilaumu. Ingekuwa Karani ningekwenda naye nikiimba.

Lakini kwenda na kurudi ni siku nzima, pantoni haina haraka na mtu. Siku hiyo nani atakaa naye? Nitakwenda mwenyewe kwa Mwanaidi kukicha, bila mzaha hata mmoja, nimwombe aingie akae ndani. Nimshike mbwa kwa mikono yangu miwili wakati anapita. Na nikirudi, wale wazee wa Ushongo watafute mtu mwingine wa kuwachokoza.

Hayo ni ya kesho. Shida ni kwamba kesho haijafika.

Jua limezama sasa hivi. Mama Eliya ameniambia nisifunge mlango, nami sikubisha. Nimetandika mkeka wangu kizingitini, mimi upande wa nje, Askofu upande wa ndani, mkono wangu wa kushoto umeshika ukosi wake mweupe, ndiyo maana mwandiko huu umepinda. Anapumua taratibu. Ana harufu ya papa. Mara kwa mara ananilamba kidole kile kile nilichoshikia jino.

Mchana ulikuwa moshi tu. Jioni hii chini ya moshi kuna wekundu.

Wanasema mto utauzuia. Haukumzuia Askofu.

Nimejaribu mluzi, kimya kimya, asinisikie mama Eliya. Ni upepo mtupu. Anajua kwamba najaribu, kwa sababu huko ndani kitanda kimelia, na kamba imekazwa dirishani kana kwamba kuna mtu anayeipima.

Chuma kimelia. Nadhani ni kaskazi. Naomba iwe kaskazi.

Askofu ameshasimama.