Miwani Uliyotutumia

Voi, Jumapili baada ya kanisa

Lewis, Baba Wendy wangu,

Sisi tuko wazima. Wendy ameota jino la nne na sasa anauma kila kitu.

Ile miwani uliyotuma kutoka Doha, ya kumfanya mtu aone kama yuko mahali pengine, ilifika. Nilipanda nayo Mghange kwa mama yako, naye akavaa wa kwanza. Alipojiona katikati ya mahindi akainama kung'oa magugu! "Wakesho, hii shamba ni ya nani? Ameiacha hivi kweli?" Tulicheka mpaka majirani wakaja.

Nilipovaa mimi nilikuona umekaa mbele yangu, mzima kabisa. Nililia kidogo, usijali.

Unasema siku zijazo tutashikana hata mikono humo ndani, kwa hivyo uongeze mkataba wa kazi huko miaka miwili. Labda ni kweli, hao mafundi ni wajanja. Lakini Wendy anajifunza kutembea, na akianguka anataka kubebwa saa hiyo hiyo. Wewe hujambeba hata siku moja.

Usitie sahihi, tafadhali. Kaka Crispus anasema karakana yao inatafuta fundi wa umeme. Nimeshawaambia unakuja, kwa hivyo usiniaibishe.

Ni mimi ninayekupenda,
Wakesho