Sufuria ya Mama Rebeka

Siku ya ine, nyuma ya maombi

Alikula! Muzee Yakobo alikula kweli.

Mama Rebeka alikimbia vita ya Djugu, na selule yetu, kikundi cha maombi cha mutaa wa Shari, inakutana mu nyumba yake. Kila wiki anapika. Kila wiki siye tunasema "tumeshiba", sababu kabila yake na yetu zilipigana na tunaogopa sumu. Hata mimi kiongozi, ninayefundisha upendo! Hiyo ilikuwa inanichoma.

Leo akaleta bugali na sombe, majani ya muhogo. Akakata tonge aonje wa kwanza, vile desturi inaomba, ili tuone chakula iko safi. Muzee Yakobo, wa kabila yetu, ambaye ng'ombe zake zote ziliishia mu vita ileile, akamushika mukono.

"Acha, dada. Kwa ajili yangu usionje tena."

Akakula yeye wa kwanza. Halafu mikono yote ikaingia mu sahani.

Mimi nilibaki nalia kama mutoto. Kufika kwa sahani, chakula yote ya sufuria ilikuwa imeisha.

Siku zote narudi na njaa juu ya woga. Leo nimerudi na njaa juu wenzangu walikula yote. Mungu wangu, asante!