Maneno ya Bibi Yasiyomo Kwenye Filamu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili asubuhi, 14 Julai.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako, na lile goti limepunguza ukorofi. Mama anasema bado unapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kwa sababu lifti yenu imekufa tangu mwaka jana. Pole sana. Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula kidogo kidogo, na Mamkubwa ameshaanza tena kugombana na jirani, jambo ambalo kwake ni dalili ya afya. Mimi usingizi unanisumbua, lakini sijambo.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi ninayekutumia ujumbe wa sauti wa dakika saba kwa jambo la sekunde kumi. Hili nimejaribu kukwambia kwa simu mara mbili. Mara zote mbili uliniita Kiherehere, ukaanza kunitania, nikacheka, nikaishia kukuuliza kama kwenu kuna baridi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza mpaka nimalize.

Mama anataka kukutumia ile filamu ya Bibi mwisho wa mwezi. Nataka barua hii itangulie. Ndani ya filamu Bibi anawataja watoto wake, Mamkubwa, kisha Mama, kisha yule mdogo wenu, kila mmoja kwa jina lake. Wewe hakutaji. Najua ukiona hivyo utafunga mashine na kujiambia kwamba mama yako alikufa na kinyongo chake. Si kweli, Mjomba. Alikutaja, tena kwa kirefu, na maneno hayo yalipotea mikononi mwangu.

Nikueleze ilivyokuwa.

Mwezi wa tatu chuo kilinipeleka kwenye mafunzo kwa vitendo katika kampuni inayotengeneza filamu za maisha ya watu halisi. Ni vyumba vitatu tu juu ya duka la vioo, na kimoja kimezibwa madirisha kwa mablanketi ili kelele za barabarani zisiingie. Mama aliwatangazia majirani kuwa nimekuwa mwongozaji wa filamu. Kwa kweli wiki tatu za kwanza nilichoongoza ni birika la chai. Baadaye wakaniamini kushika maikrofoni, ile yenye mti mrefu, na jioni kuhamisha picha kutoka kwenye kadi za kamera kwenda kwenye kompyuta.

Mwongozaji wetu ni mama mmoja mnene, mpole, ambaye sisi sote tunamwita Mama Tulia, maana hilo ndilo neno lake kwa kila mtu, hata kwa kamera ikikataa kuwaka. Mpiga picha wanamwita Jicho. Mhariri ni mzee wa kofia ya sufu asiyeivua hata kwenye joto, na yeye ndiye mwenye amri juu ya kadi zote.

Walikuwa wanatengeneza filamu juu ya wanawake waliounganisha simu enzi zile za nyaya na ubao, kabla mashine hazijachukua kazi yao. Kusikia hivyo tu, nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema bibi yangu amekaa mbele ya ubao ule miaka ishirini na sita. Mama Tulia akaniangalia na kuniuliza kwa nini nilikuwa napika chai tu siku zote hizo.

Laiti ungemwona Bibi siku ile. Alimhamisha Jicho na kamera yake mara tatu kwa sababu ukuta wa kwanza una ufa, wa pili una kalenda ya mwaka uliopita, na wa tatu, alisema, unamnenepesha. Alimwonyesha Mama Tulia jinsi ya kuchomeka nyaya, akitumia kamba za viatu vyangu na kikapu cha nguo. Aliigiza sauti za mabwana wakubwa waliokuwa wakipiga simu kwa wake zao kwa ukali na kwa watu wengine kwa upole. Jicho alicheka mpaka picha ikatikisika, ikabidi warudie.

Kisha Mama Tulia akamuuliza kama katika miaka yote hiyo ipo simu aliyoshindwa kuiunganisha. Bibi akaweka kile kikapu chini. Mimi nilikuwa nimevaa zile hedifoni kubwa, kwa hiyo hata alipomeza mate nilimsikia. Kisha akaanza kukuzungumzia wewe, na siku ile ulipoondoka. Nitakuandikia alichosema, chote, lakini kwanza nimalize ya kwangu.

Pale ofisini kuna vifuko viwili vya kadi. Kadi ikitoka kwenye kamera inaingia kifuko chekundu. Ikishahamishwa, na mzee wa kofia akaikagua kwa macho yake mwenyewe, yeye ndiye anayeiweka kwenye kifuko cha kijani, na Jicho anaruhusiwa kuisafisha aitumie tena. Hakuna mwingine anayegusa kifuko cha kijani. Siku ya pili yake mzee hakuja, jino lilikuwa limemvimbisha shavu. Kadi za Bibi zilikuwa mbili, zinafanana kila kitu, na maneno juu yako yalikuwa kwenye ya pili. Nilihamisha ya kwanza, nikaona kazi inakwenda vizuri, nikahamisha tena ileile ya kwanza nikidhani ni ya pili. Na kwa vile nilitaka mzee akirudi akute kila kitu kimekamilika na anisifu, zote mbili nikaziweka kwenye kijani. Jina ulilonipa halikukosea, Mjomba. Kiherehere kweli.

Kesho yake Jicho alizisafisha, akaenda kupigia picha harusi ya mtu. Nilipokaa kuandika maneno ya mahojiano ndipo nikaona Bibi anaanza, anacheka, anaigiza, kisha anaanza tena upya palepale. Nilirudia kuangalia mara nyingi, nikijua kabisa kilichotokea. Mzee wa kofia alitafuta kwa kila njia anayoijua, siku mbili nzima, hakupata kitu.

Mama Tulia hakunifokea. Alisema kosa ni la kwao kuniacha peke yangu, na kwamba tutarudi kwa Bibi tukamwombe arudie. Nilimsihi aniachie mimi nizungumze naye. Nikaenda nikamwambia Bibi kwamba mwanga ulikuwa mbaya siku ile. Sijui kwa nini nilidanganya kwa kitu kidogo vile kwa mtu ambaye angenicheka tu na kunisamehe. Nilikuwa nimezoea kuwa mjukuu wake anayeweza kila kitu, nadhani ni hilo.

Basi akarudia. Nyaya, mabwana wakubwa, kila kitu, tena kwa madoido zaidi. Lakini Mama Tulia alipomuuliza lile swali, Bibi alitikisa kichwa, akanitazama mimi badala ya kamera.

“Hilo nilishalisema,” akasema. “Kulitoa mara ya kwanza kumenichukua miaka kumi na tisa. Hata kama mwanga ni mbaya, si sauti mnayo? Basi inatosha. Mtoto ataisikia.”

Nilikuwa nimeshika ule mti wa maikrofoni. Kilichohitajika ni kufungua mdomo na kusema, Bibi, hatunayo. Mama Tulia alinitazama, akaningoja. Nikasema, “Ndiyo, Bibi, tunayo.” Akaridhika kabisa. Akaomba maji ya kunywa, akauliza kama kazi imekwisha.

Wiki tatu baadaye alianguka bafuni, na yaliyofuata unayajua.

Lakini jambo ambalo hulijui ni hili, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko kadi. Siku ya pili ya msiba Mama alikupigia simu sebuleni, akaiweka kwa sauti ya juu ili Mamkubwa naye asikie. Mimi nilikuwa sakafuni nakunja mashuka ya wageni. Mama alikubembeleza uje, akasema wanaweza kuahirisha mazishi siku mbili, hata tatu. Ukasema, “Dada, unajua mwenyewe kwa nini siwezi.” Na Mama akasema ndiyo, najua, maana naye alikuwepo mlangoni siku ile Bibi alipokwambia kwamba ukimwacha Babu mgonjwa kitandani na kuvuka kizingiti, usirudi hata kumzika yeye Bibi mwenyewe.

Watu wengine wote walidhani ni kazi, au ni moyo mgumu. Mamkubwa alilisema hilo la moyo mgumu mbele ya wageni, na hakuna aliyembishia. Mimi peke yangu katika nyumba ile nilijua kwamba unatii amri ambayo Bibi mwenyewe alikwisha kuiondoa. Simu ilikuwa hatua tatu kutoka nilipoketi. Niliendelea kukunja mashuka. Zilikuwa zimebaki siku mbili kamili, ungeweza kufika, ungemwona uso wake. Niliogopa kwamba nikilisema moja nitalazimika kuyasema yote, kadi, uongo wa mwanga, na wewe na mama yangu mtanitazama kwa jicho jingine. Nikanyamaza mpaka mama yako akazikwa bila wewe. Naandika hivi ilivyo kwa sababu sitaki kujitafutia maneno laini.

Wiki iliyopita mafunzo yalikwisha. Mama Tulia alijaza kitabu changu cha chuo, na kwenye mstari wa tabia akaandika kwamba mimi ni mwaminifu, niliyekiri kosa langu mara moja. Kwake nilikiri, ni kweli. Nimekiweka kitabu hicho kabatini, sijawaonyesha watu.

Ijumaa nilimweleza Mama kila kitu, tukiwa jikoni. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alizima jiko, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza maneno yenyewe yalikuwaje. Nikamwambia. Akalia kwa muda mrefu, kisha akaniambia nikuandikie mimi, kwa mkono wangu, kabla yeye hajakupigia. Amesema hatakupigia mpaka uwe umeipata barua hii, kwa hiyo usidhani amekasirika kwa ukimya wake.

Haya sasa. Sikuyapunguza wala sikuyaongeza. Nimeyasema kimoyomoyo kila siku tangu siku ile ili yasinitoke. Bibi alisema hivi:

“Ipo moja. Mwanangu wa tatu. Nilimwambia asirudi hata kunizika. Nilisema kwa hasira, na kabla sijafunga mdomo nilijua ni hasira, lakini alikuwa ameshafika barabarani. Akipiga simu nampa mtu mwingine azungumze naye. Wanadhani nimenuna. Mimi nasimama karibu nasikiliza. Nikiishika simu mwenyewe, akisema tu ‘Mama’, nitalia, na mimi nimefundishwa kutolia kwenye simu. Neno lile nimelirudisha. Nalirudisha hapa mbele ya watu, kama nilivyolisema mbele ya watu. Mwanangu aje nyumbani. Akinikuta, vizuri. Asiponikuta, aingie hivyohivyo, asiombe ruhusa kwa mtu.”

Hapo akaishia. Mama Tulia alikuwa anafuta macho kwa ukosi wa shati. Mimi niliendelea kushika maikrofoni, na ninakumbuka nilichowaza: Mjomba akisikia hii atafurahi.

Mjomba, sauti yake siwezi kukupa. Ningekuwa na uwezo ningeitoa hata kichwani mwangu, kwa sababu humo bado ipo, na kila nikiisikia naona si mahali pake, ni mali ya mtu mwingine. Filamu utakayoiona ni nzuri, utacheka kwenye mabwana wakubwa. Ukifika pale anapotikisa kichwa na kuangalia pembeni, ujue ananiangalia mimi, na anachodhani ni kwamba maneno yako yameshakufikia.

Mama anakusalimu sana. Mamkubwa naye anakusalimu; bado hajaambiwa, Mama anasema hilo tumwachie yeye, na nadhani lile neno la moyo mgumu litamrudia vibaya. Mdogo wenu anauliza namba yako ya viatu, hajasema kwa nini. Nisalimie shangazi na watoto, waambie wana binamu huku asiyejua kushika kitu bila kukiangusha.

Mungu akulinde safarini na kazini, akupunguzie hayo maumivu ya goti, na akupe nguvu za kusoma karatasi hii mpaka mwisho. Sikuombi msamaha katika barua hii. Kunisamehe, kama kupo, kutangoja. Wewe njoo kwanza. Ulishaitwa tangu mwezi wa nne, na mimi ndiye niliyekuchelewesha.

Akupendaye, na anayeona haya kuliandika neno hilo,

Mpwa wako,
Kiherehere