Sapoti Thelathini na Nane

Jumatatu, 14 Julai

Mama mmoja amenaswa na umeme asubuhi hii, barabara ya ziwani. Mukandori, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa. Alitua beseni lake la bati juu ya kifuniko cha shimo letu la nyaya za taa za barabara ili apumzike, mikono imelowa maji ya samaki. Umeme ukamshika. Mvuvi mmoja alimbandua kwa kasia. Yuko hospitali, anapumua.

Shimo letu — nimeandika letu. Mashimo ni ya kampuni ya umeme. Lakini sapoti zilizomo nilizichomelea mimi, katika karakana yangu hapa hapa Mbugangari. Mikono ya chuma inayobeba sanduku la nyaya juu, karibu na kifuniko, lisiguse maji. Thelathini na nane, moja kwa kila shimo. Kaka yangu Harerimana ndiye aliyeshuka kuzifunga, mwezi wa nne.

Chakula hakipiti. Binti yangu Belise ameuliza kama ni malaria. Nimesema ndiyo.

Jumanne, 15 Julai

Injinia Ganza wa kampuni amekata umeme wa barabara nzima na kufungua mashimo mawili. La kwanza: sapoti imeng'oka ukutani, sanduku limeanguka, waya umechunika kwenye ukingo wa chuma na kugusa fremu ya kifuniko. La pili: sapoti inaning'inia. Na ndani ya matundu ya ukuta amekuta vigingi vya mti. Bolti hakuna hata moja.

Alinipigia akifoka. "Madam, bolti nilizowapa ziko wapi?"

Nilisema sijui. Sijui! Kwa mdomo huu huu.

Ninajua kila kitu. Niyaandike hapa, Belise hasomi Kiswahili. Mchoro wa kampuni ulisema kuta za zege. Tulipofungua tukakuta wajenzi wamejenga kwa mawe ya volkano, yale yenye matundu kama mkate. Bolti ikiingia humo inazunguka tu, haishiki. Harerimana alitaka tumwambie Ganza. Nikamwambia achana naye, tutangoja jibu hadi Krismasi. Baba yetu alifunga milango ya nusu ya mtaa wetu kule Goma kwa vigingi vya mkaratusi, kwenye mawe haya haya, na milango ipo. Nikachonga vigingi. Mimi! Nilijiona najua kuliko mchoro.

Milango ya baba ilikuwa chini ya paa. Aprili ardhi ilikuwa imeloa, vigingi vikavimba, vikabana vizuri ajabu. Sasa ni Julai. Vimekauka, vimesinyaa. Miaka kumi na tisa ya ufundi na sikukumbuka kwamba mti husinyaa!

Alhamisi, 17 Julai

Polisi wamemchukua Harerimana. Karatasi ya kazi ina sahihi yake kwa kila shimo. Ganza anasema bolti zilivushwa mpakani zikauzwa Goma.

Mkewe, Uwimpuhwe, alikuja kwangu mbio, kandambili zake hata hazilingani. Alikaa kwenye benchi ya karakana akawa anarudia neno moja. "Wifi, Harerimana mwizi? Harerimana wangu, mwizi?" Nilimshika mikono. Nilimwambia Mungu yupo. Na bolti zipo, katoni nzima, nyuma ya magunia, karibu na miguu yake!

Ijumaa, 18 Julai

Nimeamua. Kesho naenda kusema.

Jumamosi, 19 Julai

Sikwenda.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nilikwenda hospitali. Sijui nilifuata nini. Mukandori amekatwa vidole vitatu, mkono wa kulia. Nilimpelekea maji ya matunda. Akaniuliza mi ni nani, nikasema natoka kwaya, tunatembelea wagonjwa. Alinishukuru mpaka nikaona haya. "Mama, hata jina yako mi sijue, na umekuya kuniona. Mungu akubariki sana."

Kisha akauliza, kama anauliza ukuta, sambaza atazianika na mkono gani.

Nilisema nina haraka. Nililia kwenye choo cha hospitali, kama mwoga. Ni mwoga.

Jumatatu, 21 Julai

Wameniruhusu kumwona Harerimana. Amekonda kwa siku nne! Nilikuwa nimepanga maneno. Hakunipa nafasi.

Amekiri. Kawaambia aliuza bolti za mashimo mawili. Mawili tu, yale yaliyofunguliwa.

Niliuliza, yaya, kaka yangu, kwa nini?

"Bon, sikiliza, mudogo wangu. Mwizi ya mabulo, zile bolti, anafungwa kidogo, anatoka. Lakini we, wakijua ni we ulichonga ile miti na ule mama ameungua, iko kitu ingine. Watafunga atelier, ile karakana yako, watakufunga na we. Belise atabakia na nani? Mi nilishasema ni mi. Usiende kuharibu. Na ile karto ya mabulo, itupe."

Nikamwuliza, na yale mashimo mengine thelathini na sita?

Akatazama miguu yake. "Utayatengeneza pole pole," akasema. "Watakupatia wakati." Nani atanipa wakati? Nitashuka usiku kama panya?

Niseme ukweli walau mahali pamoja. Nilipotoka pale sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimepona. Nilipumua hadi chini ya tumbo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Nikanunua maandazi, nikala matatu njiani, nimesimama. Kaka yangu yumo ndani na mimi nalamba sukari vidoleni!

Jumatano, 23 Julai

Nimezitupa. Kwenye choo cha shimo, konzi kwa konzi, mchana, wakati Belise ameenda kisimani. Katoni nikaichoma. Sasa hata nikitaka kuonyesha kwamba kaka yangu hakuiba, sina cha kuonyesha. Nimemfanya mwizi kwa mikono yangu.

Jioni Ganza alipita, ametulia, hata ananitania. Mawili yale wameyatia zege. Amefungua la tatu, akaivuta sapoti kwa mkono, haikutikisika. Amerudisha kifuniko, ameridhika. Hilo la tatu lipo kwenye kivuli, chini ya miti ya hoteli, bustani inamwagiwa maji kila siku! Kigingi chake bado kimevimba. Mengine yako juani.

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Umeme unarudi Jumamosi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, saa kumi na mbili jioni.

Ijumaa, 25 Julai

Jua. Hakuna wingu hata juu ya mlima Nyiragongo. Nimeomba mvua. Nimepiga magoti namwomba Mungu afanye kazi ya bolti.

Jumamosi, 26 Julai

Umuganda. Mkuu wa mudugudu wetu alitupeleka barabara ya ziwani — kwingine kokote sawa, lakini huko! Kung'oa majani kandokando ya mashimo na kusugua vifuniko ving'ae kwa ajili ya jioni. Nilisugua vitano. Uwimpuhwe alifagia peke yake. Alipokaribia, wanawake walihama na fagio zao, hakuna aliyemsalimia. Mimi nilimsalimia. Akanibusu shavu mbele ya wote, akasema wifi, ni we tu umenibakia.

Kwenye mkutano wa mwisho mkuu alisema tulinde mali ya umma, na kwamba mwizi wa kwanza ameshapatikana. Watu wakapiga makofi. Uwimpuhwe akainamisha kichwa. Nami nilipiga makofi. Mikono ilijipigia yenyewe, sikuiambia.

Saa kumi na nusu. Jumamosi watu hujaa ziwani: maharusi na wapiga picha wao, wauza mahindi, watoto miguu mitupu wametoka kuoga, maji yanawachuruzika. Wanapenda kukaa juu ya vifuniko maana chuma kina joto. Nimewaona mwenyewe, mara mia.

Saa kumi na moja. Nimempigia Ganza. Hakupokea. Nimepiga tena. Nilitaka apokee? Nilipiga haraka, nikakata haraka.

Nikisema, kaka yangu anaonekana mwongo, na mimi naonekana yule niliye. Belise ana miaka kumi na tatu. Nisiposema — labda hakuna kitu! Labda vyote vitashika hadi mvua za Septemba. Labda. Thelathini na sita kasoro lile la kivulini.

Saa kumi na moja na robo. Belise ameomba ruhusa aende na wenzake kuona taa zikiwaka. Nimemkatalia kwa ukali mpaka amelia. Wenzake wamepita hapa mlangoni wanaimba, wanaelekea ziwani. Nimewaangalia wakipita. Wale sikuwakataza.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Simu inalia. Ni Ganza. Belise anaita kutoka uani, mama, simu! Nimesikia. Iko hapa mezani kando ya daftari, inalia, na mimi bado naandika