Mara Mia na Nane

Korea Kusini,
11 Mei 2025

Kwako Baba mpendwa, Mzee Kahigi,

Shumalamu tata. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha masika kimekuachia. Mama hajambo? Migomba ya nyuma ya nyumba imesimama, au upepo umeiangusha tena? Mimi sijambo kabisa, ingawa ndizi za kupika huku naziota tu. Kwenye simu ya mwisho uliniuliza habari za magoti yangu kabla hata ya kuniuliza habari za mafunzo. Nitakujibu, Baba, lakini niache kwanza nijisifu.

Wiki iliyopita sisi wa mafunzo ya kilimo tulipelekwa kutembelea hekalu la Kibudha milimani. Basi lilitushusha lami ilipoishia, tukapanda ngazi za mawe kwa muda wa saa mbili nzima. Haruni wa Bukoba mjini, mwenzangu wa kazi pale Maruku, alisema huku hata karani wa sensa hafiki.

Tulipokelewa na mtawa wa kike, bibi mdogo wa umbo, kichwa kimenyolewa. Alitupa uji wa mchele na kutuonya tusibakize hata punje. Asubuhi alitueleza, kupitia mkalimani, kwamba kwao hupiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso mara mia na nane, na atakayechoka akae, hakuna wa kumcheka. Usishtuke, wala paroko asishtuke. Nilimwambia mimi ni Mkatoliki wa Rubya. Akajibu kuwa halazimishi mtu kuabudu; kila mmoja amkumbuke moyoni mtu ambaye yeye mwenyewe alimkosea heshima, ampigie huyo. Haruni, kwa dini yake, aliomba kukaa pembeni, akaahidi kunihesabia kwa tasbihi.

Tulianza watu kumi na wanne. Mtawa alikuwa akigonga kipande cha mti, nasi tunashuka. Kufika thelathini, wanne walishakaa. Kwenye sitini, jamaa mmoja mrefu anayekimbia kila alfajiri alilala chali anatweta. Mimi nashuka, napanda, kama niko shambani napalilia. Tasbihi ya Haruni iliisha kwenye tisini na tisa, akamalizia tisa kwa vidole. Mia na nane, Baba! Tulibaki wawili tu, mimi na yule bibi, na yeye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku! Akanishika mikono, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwetu mtoto wa kike humpigia mkubwa magoti tangu anapoanza kutembea. Nilicheka kwa furaha mpaka Haruni akasema nimelewa uji.

Sasa jibu lako. Magoti yangu hayajawahi kuuma, hata siku moja. Siku niliyorudi na shahada yangu, shangazi Felicitas alisimama akingoja nimpigie magoti kwenye changarawe, mbele ya wenzangu wa chuo. Nikaona aibu, nikasema yananiuma. Uliniamini. Ulinipeleka hospitali kupigwa picha, ukagombana na dada yako kwa ajili yangu, ukautangazia ukoo mzima niachwe. Na tangu hapo kila nilipokuja kukusalimu ulijikongoja kutoka kwenye kiti chako, wewe ambaye magoti yako ndiyo yanauma kweli, ili nikusalimu nimesimama na nisijione mkosefu. Miaka mitatu nilikutazama ukiinuka, nikanyamaza. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Zote mia na nane zilikuwa zako, Baba. Nisamehe.

Msalimie sana Mama. Shangazi mwambie goti lake analo, nitamlipa hapohapo kwenye changarawe. Na wewe Evelyne mdogo wangu, unayemsomea Baba, usiruke aya hata moja. Narudi Desemba. Nitakapoingia mlangoni, Baba, nakuomba kitu kimoja tu: kaa. Usiinuke.

Mwanao mwenye magoti mazima,
Immakulata