Miguu ya Bibi

Alhamisi, manyunyu tangu asubuhi. Mtaa wetu wote wa Kiseke umelowa, umeme unakatika na kurudi unavyojisikia, na mimi nimenuna mbele ya kompyuta.

Kazi yangu kwenye hii katuni ni ya mwanzo: napanga mhusika akae wapi, ameinama au amenyoosha mkono, na kamera imtazame kutoka wapi. Kuwatembeza wahusika ni kazi ya wenzangu. Tukio la leo nililiomba mwenyewe maana ni la kwetu, kule Igombe ziwani: mjukuu amekuja likizo, anapiga magoti kumwamkia bibi yake anayepara sato nje ya jiko.

Nimemchora Bibi wiki nzima. Marehemu hakuacha picha ya maana. Ipo moja ya kanisani, kakakamaa kama anayesubiri kudungwa sindano. Kwa hiyo nilimtoa kichwani mwangu: uso, mikunjo, kilemba. Jana nikamwita mama aje amwone.

Akatazama kwa adabu, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Iliniuma. Acha niseme tu: naanza kumsahau Bibi. Sauti yake bado ninayo, lakini uso unanikimbia, na nikiukimbilia naishia kuchora bibi yeyote wa kwenye kalenda.

Leo nikakwama kwenye mkono. Tukimwamkia, alikuwa anatuwekea wapi, kichwani au begani? Nikampigia kaka, ana duka la vipuri Mabatini. Akasema hakumbuki, akanicheka kidogo, akaniambia ana wateja.

Basi nikapiga magoti mwenyewe sakafuni, ili angalau nipate pozi la mtoto. Nikasema shikamoo. Kichwa kikainama chenyewe.

Nikabaki hapo natazama saruji.

Nani kwetu alimwamkia bibi yake huku amemkodolea macho? Uliinama, ukatulia mpaka uambiwe inuka. Kumbe muda wote ule nilikuwa naangalia miguu. Yeboyebo za bluu, zile ndara za plastiki, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Visigino vilivyopasuka. Magamba ya sato yamegandia vidoleni yanametameta. Mkono ulitua kichwani kwangu ukinuka samaki, na sikuwahi kuuona ukija.

Nililia. Raha nayo ilikuwemo.

Kamera nilikuwa nimeiweka juu, usawa wa mtu mzima aliyesimama. Nikaishusha mpaka kwenye macho ya mtoto, nikaufuta ule uso wa wiki nzima. Ikabaki ncha ya kitenge, beseni, na miguu.

Mama akaingia na chai, nikamwonyesha. Nilikuwa nimesahau kwamba kwake Bibi alikuwa mama mkwe. Miaka yote aliyokaa Igombe, alimwamkia kwa magoti na macho chini zaidi kuliko sisi wajukuu.

Akaweka kikombe mezani. Akasogea karibu, akagusa kioo pale kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

"Hiki kilikuwa kimempandia mwenzake," akasema. "Mrekebishe mama."

Nikarekebisha. Akavuta stuli akakaa, akatazama mpaka nikadhani amesinzia. Mimi sikuthubutu kugusa kalamu. Tangu tumzike Bibi, sikumbuki kama tumewahi kukaa naye hivi, sisi watatu.

"Atatembea lini?"

Nikamwambia hiyo siyo kazi yangu, ni ya wenzangu, na itachukua muda. Akasema atasubiri.

Naandika haya na bado yupo hapa pembeni, hataki niifunge kompyuta.