Ukuta wa Zeno

Jumatatu, 12 Januari
Nimefika shuleni nimelowa mpaka magotini. Wanafunzi wangu pia. Njia ya waenda kwa miguu na baiskeli haipo tena. Zeno kasogeza ukuta wa ghala lake la mahindi hadi ukingoni mwa lami, na mfereji kaufukia. Maji ya mtaa mzima yanapita tunapopita sisi. Na huyu ndiye msimamizi wetu wa ndoa.

Jumatano, 14 Januari
Mume wangu, Gaspari, kaanguka na baiskeli pale ukutani. Maji yalifunika shimo, hakuliona. Mguu umevunjika. Zamani mvua ilinyesha taratibu kutwa nzima. Siku hizi inamwagika yote kwa saa moja. Zeno analijua hilo.

Ijumaa, 16 Januari
Nimemfuata. Hakuinuka kitini. "Shemeji, mvua ni ya Mungu." Ofisi ya mtaa wameniambia niandike barua. Nimeandika. Namchukia Zeno.

Jumapili, 18 Januari
Zeno kaenda misa. Mimi sikwenda. Uwanja wa ghala lake una tundu moja la kutolea maji, linamwaga njiani kwetu. Nimeliziba kwa viroba vya udongo. Mchana kweupe. Bibi Skola, jirani, alikuwa anapita na mkongojo. Nikamwamkia shikamoo, nikangoja anipigie kelele.
"Marahaba. Shindilia vizuri, mwanangu."

Jumanne, 20 Januari
Jua kali. Sina raha.

Alhamisi, 22 Januari
Imenyesha! Ghala limejaa maji. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikamtazama Zeno akibomoa ukuta wake mwenyewe kwa sururu ili maji yatoke, suruali imemganda mwilini. Nilifurahi. Sitajidanganya hapa, nilifurahi sana.

Ijumaa, 23 Januari
Mahindi ya Zeno yalikuwa juu, kwenye mbao. Hayakuguswa. Ya chini ni ya akina mama wa kijiji cha Mpui, waliyahifadhi kwake wakisubiri bei ipande. Yote yamelowa. Na tundu nililiziba mimi.

Jumamosi, 24 Januari
Baiskeli zinapita kwenye pengo la ukuta. Akina mama wametandaza maturubai pembeni. Nimekaa nao tangu asubuhi, tunachambua. Zeno bado namchukia. Mama mmoja kanisogezea kigoda: "Mungu akubariki, mwalimu, wengine wanapita tu." Niliinama nikaendelea kutoa punje zenye ukungu.